Fundi wa Besi wa Chumba cha Pili

Pini zangu zilianza kutembea mezani siku ya tatu baada ya yeye kuhamia chumba cha pili. Nilikuwa nashona sare za shule, mguu kwenye pedali ya cherehani, nikaona pini zinasogea zenyewe kuelekea ukingoni, moja baada ya nyingine. Sikusikia muziki wowote. Nilihisi tu kifua kimejaa, halafu kimeachiliwa, halafu kimejaa tena. Nikadhani ni presha. Nikatoka nje kupata hewa, nikamkuta amechuchumaa mlangoni kwake mbele ya boksi la mbao lililolazwa chali, simu mkononi, uso umeinamia spika kama mtu anayechungulia kisima.

"Shikamoo," nilisema, maana nilimwona ana mvi.

"Marahaba, dada. Nimekusumbua?"

"Pini zangu zinatembea."

Hakuomba radhi. Aliitazama simu yake. "Zinatembea sasa hivi, au zimesimama?"

"Nilipotoka zilikuwa zinatembea."

"Basi rudi ukaziangalie. Nitashusha sauti polepole. Zikisimama, gonga ukuta."

Nikarudi, nikaangalia, nikagonga ukuta. Kazi ile ya kwanza niliifanya bila yeye kuniuliza hata jina.

Tulikaa hivyo miaka tisa pale Kayanga, kwenye safu ya vyumba vya biashara nyuma ya stendi. Changu cha ushonaji, chake cha maboksi. Watu wote walimwita Fundi na mimi nikamwita Fundi. Yeye aliniita fundi mwenzangu, na kwa muda mrefu nilifikiri ananitania. Kwa lafudhi yake ulijua ametoka pwani au amelelewa na watu wa huko. Nilimwuliza mara moja tu kwao ni wapi. Akasema, "Mbali," kisha akauliza kama nina kipande cha bitana chepesi cha kumpa.

Bitana ile ilikuwa ya kazi, na sina budi kuieleza kazi yenyewe, maana asiyeijua hawezi kumjua yeye.

Mwenye gari alileta spika kubwa, mpya, ingali ndani ya katoni, akitaka gari lake liungurume. Fundi alipima nafasi ya nyuma au chini ya viti, akakata mbao, akaunganisha kwa gundi na skrubu, akafunika kwa zulia. Hadi hapo seremala yeyote anaweza. Kilichowatoa watu Kibingo na Nkwenda kumfuata yeye kilikuwa tundu. Kila boksi lake lilikuwa na tundu moja la mviringo, na ndani ya tundu hilo bomba la plastiki, lile la maji machafu, ambalo alilikata kwa urefu uliofaa boksi hilo na gari hilo tu.

"Spika inapiga mbele na inapiga nyuma," alinieleza. "Ya mbele unaisikia. Ya nyuma imefungiwa humo ndani. Tundu ndilo linaloitoa nje. Lakini itoke kwa wakati wake. Ikitoka ovyo inagombana na ile ya mbele, wewe unasikia kelele, unadhani ndiyo besi."

Bomba likiwa refu, sauti ya boksi hushuka. Likiwa fupi, hupanda. Kwa hiyo alianza na bomba refu kuliko lilivyohitajika, kisha akalipunguza upana wa kidole kimoja, akajaribu, akapunguza tena. "Kupunguza naweza," alisema, "kurefusha siwezi." Kila baada ya kukata alilaza boksi chali, akamwaga punje chache za mchele juu ya spika na kuning'iniza kipande cha bitana yangu mbele ya tundu. Halafu akapiga mlio mmoja kutoka kwenye simu, akaushusha taratibu. Mchele uliruka kama mahindi kwenye kikaango. Mlio ukizidi kushuka, ilifika mahali punje zikatulia kabisa, ingawa sauti bado ilikuwepo, tena nzito zaidi, na bitana ikapepea kama nguo kwenye kamba siku ya upepo.

"Hapo," alisema. "Spika imepumzika. Tundu ndilo linalofanya kazi."

Miaka tisa nimeliona jambo hilo na sijalichoka. Nilikuwa naacha cherehani na kusimama mlangoni kwangu na futi ya kitambaa shingoni, kusubiri mchele utulie.

Alikuwa mkali kwa wateja. Mtu alifika akisema anataka vioo vitikisike, Fundi akamwuliza, "Vioo vimekukosea nini?" Alitaka kujua gari linapita barabara gani, nani anakaa nyuma, kama mama mzazi wa mwenye gari hupanda humo. Kabla ya kupima chochote aliingia ndani ya gari, akafunga milango yote, akakaa kimya bila muziki hata nusu saa. Wenye magari walikasirika, wakasema mzee anasinzia. Hakuwa anasinzia. Alikuwa anasikiliza kila kilicholegea, sahani ya namba, bati la mlango, kiti. "Nikiweka besi humu, vitu hivi vyote vitaanza kusema," aliwaambia. "Afadhali nivisikie kwanza."

Lakini kuna siku mfanyabiashara mmoja wa Kibingo alikuja na pikapu yake amekasirika kweli. Alisema boksi alilotengenezewa miezi miwili iliyopita sasa linakohoa kama ng'ombe mgonjwa. Alisimama katikati ya uwanja akitangaza kwa kila mpita njia kwamba Fundi ni tapeli.  Aliinama, akaingiza mkono kwenye tundu hadi kwenye kiwiko, akautoa polepole. Kiganjani alikuwa na kiota cha nyasi na pamba, na ndani yake watoto watano wa panya, wekundu, hawajafumbua macho.

Uwanja mzima ulicheka. Mfanyabiashara naye akacheka, hasira zikamwisha. Fundi peke yake hakucheka. Alikuja mlangoni kwangu na mkono wake umenyooshwa mbele kama amebeba uji wa moto.

"Fundi mwenzangu, una pamba?"

"Ya panya?"

"Hawa hawajui kama ni panya."

Nikampa. Akawapeleka kwenye kichaka nyuma ya choo, akawafunika, akarudi kulifuta bomba. Mtu huyohuyo asubuhi yake alikuwa amemfukuza mteja kwa sababu tu alimwita "mzee wangu" kwa sauti ya dharau.

Watu walishangaa kwamba nyumbani kwake hakukuwa na redio. Nilifika pale mara moja, nilipompelekea shati lake nililomshonea, maana alikuwa na homa hakuweza kuja kulichukua. Chumba kimoja, kitanda, sanduku la bati, jiko la mkaa, beseni sakafuni likikinga maji ya paa linalovuja. Mtu aliyeweza kugundua ufa mwembamba kuliko unywele kwenye boksi, kwa kuzungusha kijiti cha udi na kuangalia moshi unakovutwa, alishindwa kuziba paa lake. Nilimwuliza mbona hata redio hana. Akasema mchana kutwa anasikia vya kutosha. Kisha akatazama beseni, matone yakilia ndani yake, na kusema, "Hata hii inatosha."

Kwenye sikukuu ya Idi alipika pilau sufuria nzima, kana kwamba anasubiri ukoo. Hakuja mtu. Saa saba mchana aliniletea sahani iliyofunikwa, akaikabidhi mlangoni, akakataa kuingia. Nyingine aliwapelekea wapiga debe wa stendi. Mimi Krismasi nilimpelekea bitoke, ndizi zetu za kupika, na nyama, naye alirudisha sahani imeoshwa, ndani yake malimau matatu au manne. Kila mwaka hivyo. Mume wangu alikwenda Mwanza kutafuta kazi, kazi ikampata na mwanamke akampata, na binti yangu anasoma Bukoba. Kwa hiyo kwenye Krismasi meza yangu nami haikuwa na watu wengi. Ningeweza kumwambia aingie akae. Yeye angeweza kusema ndiyo. Lakini mimi nilikuwa mwanamke ninayeishi peke yangu, Mlutheri, mzee wa kanisa anakaa nyumba ya tatu, na yeye alikuwa Fundi. Tukaishia mlangoni.

Kwaya ya usharika wetu ilipopata spika za msaada, mimi ndiye niliyewapeleka kwake. Alikuja kanisani siku ya kazi, akauliza nani anaimba sauti ya chini kuliko wote. Wakamwonyesha mzee mmoja, mkulima wa kahawa, mgongo umepinda. Fundi akamwomba aimbe noti yake ya chini kabisa na aishike. Yule mzee akaishika. Fundi akaweka kiganja kifuani pake, hivi, kwa adabu, kama daktari, akafumba macho. Akamwomba tena. Na tena. Boksi lile la kanisa alilikata kwa kumfuata yule mzee na si simu. Hadi leo besi ya pale kanisani ikipiga, husikii spika, unasikia kama kuna mzee mwingine amejiunga na kwaya. Tulipomshukuru mbele ya usharika alitazama chini, na kabla wimbo wa mwisho haujaisha alikuwa ameshatoka.

Sasa nieleze kilichomtokea.

Kulikuwa na dereva mmoja wa Noah iliyopakia abiria kati ya Kayanga na Isingiro, baba wa watoto wawili, mcheshi, mpenda muziki. Fundi alimpenda, ingawa hakuwa mtu wa kusema. Alimtengenezea boksi chini ya kiti cha nyuma, na mwenyewe alikiri kwamba hajawahi kutengeneza zuri kama lile. Siku alipolimaliza aliniita nikae ndani ya gari. Alifunga milango, akawasha. Sijui nielezeje. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama kubebwa. Nilipotoka nilimwona ananitazama usoni kutaka kujua, nikamwambia, "Fundi, hii umeipatia." Aliona haya, akaanza kuokota skrubu zilizoanguka.

Hazikupita wiki nyingi. Kwenye kona moja ya Nyabiyonza, mchana kweupe, Noah ile ilimgonga mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye mikungu ya bitoke. Alifia palepale. Watu waliokuwa kando ya barabara walikuwa wamepiga kelele. Lori lililokuwa likija mbele lilikuwa limepiga honi mfululizo. Dereva alishuka, akawaambia watu neno moja tu, "Sikusikia."

Mengine yalikwenda yanakokwenda, polisi, mahakama. Lakini neno lile lilifika Kayanga kabla ya jioni. Fundi alilisikia akiwa ameshika randa. Aliiweka chini. Akakaa juu ya boksi lililokuwa halijakamilika, mikono juu ya magoti. Nilimpelekea chai. Alipokuja kurudisha kikombe, chai ilikuwa bado imo.

Siku mbili baadaye alikuja kuniuliza namna ya kutoa pole kwa Kinyambo, lugha yetu. Sio ile ya kawaida, alisema, ile ya msibani. Nikamfundisha. Alirudia neno kwa neno huku amefumba macho, ulimi unamkwama kwenye zile herufi zetu, akaondoka. Sikuuliza ni ya nini. Nilidhani anataka kumpa dereva, ambaye ni Mnyambo.

Kuanzia hapo akawa anafunga chumba kila Alhamisi. Anaondoka asubuhi na pikipiki, anarudi jioni viatu vina udongo mwekundu, wakati mwingine na mkungu wa bitoke. Haelezi. Na watu hawawezi kukaa bila maelezo. Mara ya tatu au ya nne, kijana wa bodaboda akasema humshusha Nyabiyonza kwenye kibanja cha migomba cha mama mmoja mjane. Basi ikawa hiyo. Fundi amepata mwanamke.

Niseme ukweli, niliumia. Sikuwa na haki ya kuumia, hakuna alichoniahidi. Lakini miaka yote ile nilikuwa nimeshazoea kwamba upweke wake na wangu vinapakana, na nikajiona mjinga. Nikaanza kumjibu kwa mkato. Akiomba bitana nikasema imeisha. Na siku moja mama anayeuza maandazi alikuja kupima gauni, tukawa tunaongea, nikasema kwa mdomo wangu: "Kanajifanya katakatifu, kumbe kananyemelea wajane. Na marehemu mwenyewe hajaoza." Tukacheka. Sikumbuki kama nilicheka kwa raha. Nilicheka.

Mwezi uliofuata mwanamke mzee alisimama mlangoni kwangu na kikapu kichwani. Alikuwa na miaka kama sabini, amejifunga kaniki, miguu imepasuka. Aliuliza kwa Kinyambo kama Fundi yupo. Nikamjibu amekwenda kununua mbao. Akaomba akae amsubiri, nikampa kigoda. Ndipo akaniambia yeye ni nani.

Ndiye mjane wa yule mzee wa baiskeli.

"Alikuja siku ya nne ya msiba," alisema. "Akasimama uani, akatoa pole kwa maneno yetu, vibaya vibaya, lakini tulimwelewa. Halafu akasema kwa Kiswahili kwamba yeye ndiye aliyetengeneza ule muziki. Wanangu waliinuka. Mmoja alishika fimbo. Yeye hakusogea, alisimama tu kama anayeisubiri. Nikawaambia wakae. Nikamwambia na yeye akae. Nikampa kahawa ya kutafuna, akaimeza nzima, hajui."

"Na sasa?"

"Sasa anakuja kila Alhamisi kulima. Mwanangu, hajui kulima! Anakata machipukizi ya migomba yale tunayoyataka na kuacha tusiyoyataka. Nimemwambia basi, imetosha, aliyeendesha gari si wewe. Hasikii. Leo nimeleta maharage nimwambie hapahapa kwake, labda hapa atasikia."

Alisubiri hadi saa tisa, Fundi hakutokea. Aliniachia maharage nimpe. Nilimpa jioni ile, nikasema, "Mama wa Nyabiyonza alikuja. Anasema imetosha." Alipokea, akatikisa kichwa kidogo. Alinitazama kama mtu anayengoja neno jingine. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na neno la kuomba radhi, badala yake nikasema, "Haya, usiku mwema, Fundi," na jua lilikuwa hata halijatua.

Hakuacha kwenda. Lakini kazi ndiyo ilianza kumwacha. Alijiwekea sharti jipya. Boksi likikamilika, mwenye gari alitakiwa akae ndani, milango imefungwa, muziki mpaka mwisho, na mtu asimame hatua ishirini nyuma apige honi. Kama mwenye gari hakusikia honi, Fundi alilifungua boksi na kulishusha nguvu, mara nyingine kwa kubadilisha bomba, mara nyingine kwa kulirudisha boksi zima karakana. Wateja walikasirika. Mmoja alimwambia, "Mzee, tunakuja kwako kutafuta besi, siyo mahubiri." Fundi akamrudishia spika yake mikononi. Pale mbele ya stendi fundi mwingine akafungua karakana, kijana mwenye mashine mpya na taa za rangi, asiyeuliza mtu maswali. Wakahamia kwake. Zikapita wiki pini zangu hazijatembea.

Asubuhi moja ya msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, wakati watu wote wa mtaa walikuwa wanazungumzia senene tu, nilikuta chumba cha pili kiko wazi na kimefagiwa. Hapakuwa na mbao, hapakuwa na mabomba, hata vumbi la msumeno halikuwepo. Mwenye nyumba akasema ameondoka jana alasiri, amerudisha ufunguo, hakusema anakwenda wapi. Jana alasiri nilikuwepo. Nilikuwa ndani nikipima sare.

Nilidhani nitazoea. Chumba kilipangwa na muuza simu, mtu mwema, anapiga nyimbo kutwa nzima kwenye spika ndogo yenye sauti kali, na mara kadhaa nimejikuta nimeshika ukingo wa meza nikisubiri kitu ambacho hakiji. Ilipita miaka miwili. Niliuliza Nyabiyonza. Yule mama alikuwa amefariki, na mwanawe aliniambia Fundi alikuja kuzika, akafukia udongo na wengine, na tangu siku hiyo hawajamwona.

Mwaka huu nilipata oda ya sare za shule moja ya Isingiro. Nilizipeleka mwenyewe kwa ajili ya kuzijaribu kwa watoto. Nilipotoka pale shuleni nilipita mbele ya karakana ya seremala, na mtu aliyekuwa ameinama akipiga msasa dawati alikuwa yeye. Amekonda. Mvi zimejaa. Nilimwita mara mbili hakuinuka. Nikamzunguka, nikasimama upande wa pili.

"Fundi mwenzangu!" alisema, akasimama haraka hadi dawati likaanguka. "Niongeleshe upande huu. Sikio lile limeshastaafu."

Tulikwenda kunywa chai kwenye kibanda cha stendi ya pale, tukakaa kwenye benchi, mimi upande wa sikio zima. Alisema anatengeneza madawati na milango, analala nyuma ya karakana, na watu wa Isingiro ni wazuri. Aliuliza binti yangu amefika wapi na masomo. Aliuliza kama mzee wa kwaya bado anaimba. Nilimjibu yote, na yote yalipoisha tukabaki na lile moja.

"Fundi, nilisema vibaya juu yako," nilisema. "Kuhusu yule mama wa Nyabiyonza. Sikujua. Nilimwambia muuza maandazi maneno mabaya."

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Ukuta ule ulikuwa wa ubao mmoja. Na wakati ule nilikuwa na masikio mawili."

Niliweka kikombe chini. "Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema, ungeona haya. Halafu asubuhi tungeshindwa kusalimiana." Alizungusha kikombe chake. "Zile salamu za asubuhi nilikuwa nazihitaji."

Nilitazama barabara.  "Na siku unaondoka? Hata kwaheri?"

"Nilikuja mlangoni. Ulikuwa unampima mtu, una pini mdomoni. Nikasimama nje nikisubiri umalize. Akaingia mwingine. Nikasubiri. Halafu nikajiona ninavyosimama pale na mzigo wangu, nikaona haya, nikaenda."

Gari langu la kurudi lilikuwa linaita abiria. Nilisimama, naye akasimama. Aliuliza, na katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniuliza swali la namna hiyo, "Unarudi lini huku?"

"Kuna sare zimebaki. Nitazileta Jumatano."

"Jumatano," alisema, kama anavyopima kitu.

Sikwenda. Mwalimu mkuu alipata gari lililokuwa linakuja Kayanga, akalituma lichukue sare zote, na mimi nikabaki sina sababu ya safari. Nilijiambia nikimpigia simu seremala atamweleza, ila namba yake sikuwa nayo. Nilijiambia Fundi ni mtu mzima, ataelewa. Jumatano ile nilishona hadi jioni na sikumbuki nilishona nini. Iliyofuata mvua ilinyesha kutwa, nikasema ni mvua. Ya tatu hakukuwa na mvua. Ilipofika saa nne nilikuwa nimeshashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikakosea tena, nikafunga duka. Nilimwambia muuza simu nimekwenda Isingiro. Akauliza, "Kuna kazi?" Nikasema hapana.

Nilifika mchana. Nilikuwa nimepanga niende moja kwa moja karakana, na njiani nimepanga maneno ya kujieleza kuhusu mwalimu mkuu, gari na mvua. Sikufika karakana. Alikuwa pale kwenye kibanda cha chai, kwenye benchi lilelile, amevaa shati la kupiga pasi, mfuko wa plastiki ameuweka pembeni yake mahali pa mtu wa pili.

"Amekuwa akija tangu ile siku," mama wa chai aliniambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, ingawa kwa sikio lile asingesikia. "Hizi Jumatano tatu. Anakunywa kikombe kimoja mpaka saa kumi, halafu anakwenda zake."

Nilimzunguka, nikasimama upande wake wa kusikia, maneno yangu yote ya kujieleza yameniishia.

"Nimechelewa, Fundi," nilisema.

Aliinua uso. Hakuwa na hasira, wala hakuonekana kushangaa.

"Ulisema Jumatano," alisema, akiondoa mfuko kwenye benchi. "Hukusema ipi."